Kamera ya kwanza, shilingi 1,500,000 na giza la ukumbini

"Shikamoo kaka. Nina miaka 23, naishi Morogoro, chuo nimemaliza mwaka jana. Tangu nikiwa chuoni napiga picha kwa simu, na sasa watu wameanza kuniita kwenye vipaimara, send-off na mahafali. Nimejikusanyia shilingi 1,500,000 za kamera yangu ya kwanza. Muuzaji mmoja wa Kariakoo ananishauri nichukue Canon 4000D mpya kwenye boksi, ananipa na begi, stendi na memori kadi bure. Rafiki yangu naye anasema DSLR zimeshapitwa na wakati, bora nisubiri ninunue mirolesi. Nimechanganyikiwa. Ninunue ipi?"

Marahaba, mdogo wangu, na hongera. Watu kukuita kwenye shughuli zao ukiwa na simu tu mkononi maana yake wameliona jicho lako, na jicho haliuzwi Kariakoo. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu najua fedha hiyo imekusanywa kwa kujinyima.

Kwa kifupi ningekuambia hivi: usichukue 4000D, na mirolesi, yaani kamera za kisasa zisizo na kile kioo cha ndani cha DSLR, usiisubiri. Tafuta Canon 700D iliyotumika na kutunzwa, au Nikon D7100 ukiipata nzuri, kisha inayobaki inunulie lenzi ya 50mm yenye f/1.8 na flashi ya kuchomeka juu ya kamera. Hivyo viwili vya mwisho ndivyo vitakavyokulisha. Wengi wanaoanza huvisahau kabisa, wakamaliza fedha yote kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi.

Mimi mwenyewe nilivisahau. Harusi yangu ya kwanza ya kulipwa niliipiga kwa bodi mpya, lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo, na ile flashi ndogo inayochomoza kichwani mwa kamera. Kanisani mchana mambo yalikwenda vizuri. Jioni ukumbini taa kubwa zikazimwa, zikabaki za bluu na zambarau, na maharusi wakaingia wakicheza. Nilipowasha flashi, nyuso zilitoka kama zimepakwa unga na nyuma yao giza tupu. Nilipoizima, kamera ikashuka hadi kasi ya 1/15, yaani shata ikabaki wazi kwa sehemu moja ya 15 ya sekunde, na kila aliyesogea akatoka na mikono mitatu. Wiki iliyofuata mama wa bi harusi aliziangalia picha zote kimya, akazirudia, halafu akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, ya keki ndiyo hii?" Ndiyo ilikuwa hiyo. Swali lile linaniuma mpaka leo, maana keki haikatwi mara mbili.

Nikadhani kosa ni la kamera. Nikaanza kutamani bodi kubwa zaidi, hadi mzee mmoja mpiga picha alipoichomoa lenzi yangu, akaniwekea ya kwake ya 50mm, akasema piga tena palepale. Tulikuwa ndani ya duka lake, taa moja darini. Picha ilitoka safi. Kamera ilikuwa ileile.

Sababu yake nikueleze, kwa kuwa ukiielewa hutahitaji tena kumuuliza mtu ununue nini. Lenzi ina tundu la kupitishia mwanga, na ukubwa wa tundu hilo huandikwa kwa herufi f. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Ile 18-55 ya kawaida huanzia f/3.5 ukiwa kwenye upana wake wote wa 18mm, lakini ukimsogeza mtu karibu kwa 55mm haiwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Lenzi ya 50mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi ya hapo. Ukitoka f/5.6 kwenda f/4 mwanga unaongezeka maradufu, f/2.8 maradufu tena, f/2 maradufu tena. Kwa hiyo pale ambapo 18-55 ilinipa kasi ya 1/15, lenzi ya 50mm kwenye f/2 ingenipa 1/125 kwa ISO ileile, yaani kiwango kilekile cha kamera kuhisi mwanga. Kwa 1/15 mtu akipumua tu ametikisika. Kwa 1/125 unamnasa akicheka, ilimradi asiwe anaruka. Tofauti hiyo hakuna bodi ya bei yako wala ya mara mbili yake itakayokupa. Ukitaka kuifidia kwa kupandisha ISO utaipandisha kutoka 1600 hadi 12800, na kwa kamera za daraja hili picha itajaa chengachenga, ngozi ipoteze rangi.

Ndiyo maana kabla ya kuuliza kamera gani, mimi huuliza unapiga wapi. Mpiga picha wa milima ya Uluguru asubuhi anaweza kuishi na 18-55 miaka 5 bila kulalamika. Wewe unaitwa kanisani na ukumbini. Kanisani nako mapadri wengi hawataki flashi wakati wa mageuzo, na wana haki. Hapo utakuwa na tundu la lenzi na mkono wako tu.

Sasa hiyo 4000D. Muuzaji hakudanganyi kwamba ni mpya, na picha za juani itakupa nzuri tu. Ilitoka mwaka 2018 ikiwa kamera ya DSLR ya bei ya chini kabisa katika familia ya Canon, na ili bei ifike huko vitu vingi viliondolewa. Mahali pa kufungia lenzi ni plastiki, wakati ndugu zake wana chuma. Kioo cha nyuma ni kidogo, hakikunjuki wala hakiguswi. Haina tundu la kuchomeka maikrofoni, na wateja wako siku moja watakuomba video. Lenzi inayoambatana nayo mara nyingi ni ile 18-55 isiyo na kituliza mtikisiko.

Hayo yote ningeweza kuyasamehe. Nisichoweza kukisamehe kwa mtu wa kazi yako kipo pale juu, kwenye reli ya kuchomekea flashi. Kamera nyingi zina pini kubwa katikati ya reli hiyo, na kupitia pini hiyo flashi yoyote ya kawaida huambiwa "waka". Canon waliiondoa kwenye 4000D, kwenye 2000D na kwenye 250D. Maana yake flashi za bei nafuu zinazotegemea pini hiyo, kama Yongnuo YN560 ambayo vijana wengi huanza nayo, hazitawaka ukizichomeka hapo. Utalazimika kununua flashi iliyotengenezwa kwa mawasiliano ya Canon yenyewe, na hiyo itakula sehemu kubwa ya fedha yako. Nimeona vijana wakirudisha flashi dukani mara mbili wakidhani ni mbovu, kumbe kamera ndiyo haina pini. Nenda kaangalie kwa macho yako: shika kamera yoyote, tazama reli ya juu, kama katikati hakuna duara la chuma, iache.

Hilo begi, stendi na kadi ya bure visikuvute. Stendi za kupewa nyingi ni nyepesi kiasi kwamba upepo wa feni unazitikisa, na memori kadi isiyo na jina usiiwekee harusi ya mtu. Mwambie akupunguzie bei badala yake.

Nimetaja 700D, nayo si kwa bahati. Ilitoka mwaka 2013. Najua hapo utashtuka kwamba ni ya zamani. Lakini ina pikseli milioni 18, sawa na hiyo 4000D mpya, na kwa picha ya kuchapa ukubwa wa A3 zinatosha na kubaki. Ina nukta 9 za fokasi, yaani sehemu ambazo kamera hulenga ili picha itoke kali, na zote 9 ni za msalaba, yaani zinashika mistari ya wima na ya mlalo. Kwenye 4000D ni nukta ya katikati tu yenye uwezo huo. Gizani utaiona tofauti: nukta za pembeni za 4000D zitapapasapapasa zikitafuta pa kushika wakati bi harusi ameshapita. Kioo cha 700D kinakunjuka na kuguswa, ina tundu la maikrofoni, na pini yake ya flashi ipo. Ukipata 750D ya mwaka 2015 kwa nyongeza ndogo, chukua. Ina pikseli milioni 24 na nukta 19, na inaweza kupima kuyumba kwa taa ili isipige wakati taa imefifia, jambo ambalo nitalirudia. 200D ya mwaka 2017 nayo ni nzuri kwa video kwa sababu fokasi yake hutembea kwa ulaini, na pini ya katikati inayo. Usiichanganye na 250D iliyoifuata.

Jambo dogo litakalokuokolea fedha: kamera ileile ina majina tofauti kulingana na ilikouzwa mara ya kwanza. 700D ikitoka Marekani imeandikwa Rebel T5i, ikitoka Japani ni Kiss X7i. Kwenye meza za mitumba muuzaji asiyejua huziuza kwa bei tofauti. Wewe ujue ni mama mmoja, baba mmoja.

Upande wa Nikon, D7100 ya mwaka 2013 na D7200 ya mwaka 2015 ni daraja la juu kuliko Canon nilizozitaja. Zina nukta 51 za fokasi na, kubwa kuliko yote kwa mtu wa harusi, nafasi mbili za memori kadi. Ukiipanga hivyo, kila picha inaandikwa kwenye kadi zote mbili. Kadi moja ikifa, harusi ya watu haijafa. Ningekuwa naanza leo na D7200 safi ikaangukia ndani ya bajeti yangu, ningeichukua bila kulala juu yake. Ila angalia usidanganyike na Nikon za D3000 na D5000, yaani D3300, D5300 na wenzake. Hizo hazina mota ya fokasi ndani ya bodi. Ukizifungia lenzi ya zamani iliyoandikwa AF au AF-D, utazungusha fokasi kwa mkono jioni nzima. Zinahitaji lenzi zilizoandikwa AF-S au AF-P. Na hizo AF-P nazo hazifanyi kazi kwenye bodi za zamani kama D3100 na D5100. Kwa D7100 na D7200 mota ipo, shida hiyo haikuhusu.

Kwa nini basi nimeanza na Canon? Kwa sababu ya majirani. Swali hili sijaona likiulizwa na wanaoanza, nalo kwangu lina uzito kuliko pikseli. Kabla hujalipa hata shilingi moja, zunguka studio za Morogoro na uwaulize wapiga picha watatu au wanne wanatumia nini. Siku betri yako itakapogoma saa mbili kabla ya send-off, utamkimbilia nani? Lenzi ndefu ya kupigia kipaimara kutoka nyuma ya kanisa utaiazima wapi? Fundi wa karibu ana vipuri vya nini? Kazi yetu hii ni ya kuazimana. Nimeishi miaka mingi bila kumiliki lenzi ya 70-200, na kila nilipoihitaji niliipata kwa simu moja na soda, kwa kuwa marafiki zangu na mimi tulikuwa na kamera za ukoo mmoja. Kote nilikofanya kazi Canon ndizo zilizokuwa nyingi. Ukikuta mtaani kwako wote ni Nikon, geuza ushauri wangu, chukua Nikon.

Rafiki yako anayesema DSLR zimepitwa, usimpuuze. Kwa upande wa viwanda yuko sahihi. Canon walitoa 850D na EOS-1D X Mark III mwaka 2020, Nikon wakatoa D780 na D6 mwaka huohuo, na tangu hapo nguvu yao imehamia kwenye mirolesi. Mirolesi haina kile kioo cha ndani kinachopiga "klak" kila unapobonyeza. Unachokiona kwenye tundu la kuchungulia ni picha yenyewe itakavyotoka, na zile za kisasa zinamfuata mtu kwa jicho lake. Ni raha kweli. Lakini kwa shilingi 1,500,000 mirolesi mpya itakuacha na bodi, lenzi ya zumu yenye tundu dogo, na mfuko mtupu. Utaingia ukumbini na kamera ya kisasa ukiwa na tatizo lilelile nililokuwa nalo mimi.

Na kuhamahama huko kwa viwanda kumekufaa wewe. Wanaohamia mirolesi wanauza DSLR zao, na nyingine zimekaa kabatini zaidi ya zilivyofanya kazi. Tena lenzi hutazipoteza: lenzi za Canon za EF na EF-S hufanya kazi kwenye mirolesi zao za R kwa adapta, fokasi ikiwa hai. Hiyo 50mm utakayonunua sasa utahama nayo. Kwa Nikon adapta ipo pia, iitwayo FTZ, isipokuwa zile lenzi za AF-D zinazotegemea mota ya bodi zitabaki za kufokasi kwa mkono.

Fedha yako ningeigawa hivi. Bodi pamoja na 18-55 yenye kituliza mtikisiko, nisizidi shilingi 800,000. Hiyo 18-55 usiidharau. Picha ya ukoo mzima sebuleni huwezi kuipiga kwa 50mm, kwa sababu kihisi cha kamera hizi, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, ni kidogo na lenzi ya 50mm hapo huona kama 80mm. Utarudi nyuma hadi ugonge ukuta. Kisha 50mm f/1.8, ile ya Canon iliyoandikwa STM iliyotoka mwaka 2015, fokasi yake ni tulivu kuliko ya kabla yake. Kisha flashi yenye kichwa kinachogeuka. Halafu betri ya pili, memori kadi mbili za jina linaloaminika badala ya moja kubwa, na betri ndogo 8 za kuchaji kwa ajili ya flashi. Ikibaki laki moja, usiitumie. Ni ya nauli ya kurudi Dar kama kitu kina kasoro.

Ununuzi wenyewe sasa, maana mtumba una mitego. Nenda mchana, na ukiweza nenda na mtu anayejua. Beba memori kadi yako, tochi na flashi ya kuazima. Funga lenzi, punguza tundu hadi f/22, toa fokasi makusudi, piga ukuta mweupe au anga, halafu kuza picha: madoa meusi yanayokaa palepale kila picha ni vumbi kwenye kihisi, na hilo husafishika, mikwaruzo haisafishiki. Ipige mfululizo picha 20 usikilize. Sauti ya shata iwe moja tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Chomeka flashi uone inawaka. Jaribu kila nukta ya fokasi kwa kitu kilicho mbali na kilicho karibu. Fungua mlango wa kadi utazame pini ndani, ikiwa hata moja imepinda achana nayo.

Uliza imeshapiga picha ngapi. Nikon huandika idadi hiyo ndani ya kila picha na programu nyingi za kompyuta huisoma. Canon za daraja hili inabidi uichomeke kompyuta yenye programu maalumu, kwa hiyo muuzaji asiyekubali, mpunguzie imani. Shata ya D7200 imejaribiwa kiwandani kwa mara 150,000, ya Canon 80D kwa 100,000. Nyingine hupita hapo, nyingine hufa mapema. Mimi bodi ya mtumba iliyovuka 50,000 siinunui bila punguzo la maana.

Lenzi ndiyo inayodanganya zaidi. Ivue, fungua tundu lake, washa tochi upande mmoja na utazame upande wa pili. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hizo ni fangasi. Pwani yetu hii, Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa, unyevunyevu unazilisha, na kamera nyingi za mitumba zimelala huko kwenye mabegi yaliyofungwa. Lenzi ya namna hiyo usiichukue hata kwa bei ya kutupa, na usiifungie kwenye begi moja na ya kwako. Ukishakuwa na yako, ihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu. Begi ni la safari.

Dai risiti ya EFD yenye namba ya bodi, na hakikisha namba hiyo ndiyo iliyoandikwa chini ya kamera. Kamera ya wizi ikidakwa mikononi mwako, maelezo huwa marefu. Kwa mtu binafsi asiye na duka, andikishaneni, na malipo yapite kwenye simu ili jina lake libaki. Usitume kianzio kwa mtu usiyemwona, hata awe na maneno matamu kiasi gani.

Kuna jambo hukuniuliza, lakini ndilo ninaloliona likiharibu kazi za wengi wanaotoka kwenye simu. Simu inafikiri kwa niaba yako. DSLR haifanyi hivyo, inapima tu. Kamera hujaribu kuifanya kila picha iwe ya ukijivu wa kati. Mtoto wa kipaimara amevaa nyeupe tupu kuanzia shingoni hadi miguuni, kamera inaona nyeupe nyingi, inasema "mwanga umezidi", inaufifisha, na uso wa mtoto unatoka kama mkaa. Halafu watu husema mtoto ni mweusi mno hapigiki. Hakuna mtu asiyepigika. Kipo kitufe cha kuongeza na kupunguza mwanga, chenye alama ya + na −. Sogeza alama upande wa + kwa theluthi mbili hadi moja kamili, angalia kwenye kioo kama uzi wa gauni bado unaonekana, piga. Ukija ukajifunza kupima kwa nukta moja juu ya uso wenyewe, mambo yanageuka: uso mweusi kamera itautaka uwe kijivu, itauangaza kupita kiasi, hapo unapunguza badala ya kuongeza.

Na flashi usimwelekezee mtu usoni. Ngozi zetu zinarudisha mwanga, na flashi ya mbele huacha bonge la mng'ao kwenye paji la uso huku mashavu yakibaki bapa. Geuza kichwa cha flashi kwenye dari nyeupe au ukuta ulio pembeni, mwanga urudi ukiwa mpana. Ndipo utaona umbo la shavu, mstari wa taya, rangi halisi ya mtu. Dari ikiwa imefunikwa vitambaa vya zambarau, mwanga utarudi zambarau, kwa hiyo tafuta ukuta mweupe au kadi nyeupe uifunge kwa raba nyuma ya flashi. Kasi ya shata usivuke 1/200 ukiwa na flashi kwenye Canon hizi, la sivyo utepe mweusi utakata picha.

Ukishaipata kamera, mwezi mmoja wa kwanza usikubali kazi ya ukumbini. Vipaimara na mahafali ya mchana endelea navyo, simu ikiwa mfukoni kama akiba. Nyumbani mkalishe mdogo wako kando ya dirisha jioni, mpige kwa f/1.8, kisha f/2.8, kisha f/5.6, ujionee kwa macho yako kinachobadilika. Utagundua kwamba kwa f/1.8 jicho moja liko safi na la pili limeanza kufifia. Kwa watu wawili nenda f/2.8. Kwa mstari wa wasimamizi na wazazi nenda f/5.6 na flashi, kwa sababu kwa f/1.8 safu ya nyuma itapotea, na huko nyuma mara nyingi ndiko walikosimama bibi na babu.

Na utakapokubali send-off ya kwanza, fika ukumbini saa nzima kabla, wakati fundi wa taa bado anajaribu mitambo yake. Mwombe kwa adabu awashe taa zitakazotumika maharusi wakiingia. Nyingi huyumba na umeme, na umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo ukikuta mistari myeusi inakatiza kwenye picha shusha kasi hadi 1/100, ikikataa 1/50. Tafuta ukuta mweupe wa flashi yako uko upande gani. Kisha kipige kiti cha bi harusi kikiwa kitupu, kutoka pale utakaposimama, ukirekebisha hadi kitambaa chake kitoke na rangi yake. Andika namba zote tatu kwenye kiganja: f, kasi na ISO. MC atakapoita wageni wasimame, wewe utakuwa umeshamaliza hesabu, na utabaki na kazi ya kuwatazama watu.